Tshangalele, ziwa lililozaliwa na ukuta

Mwanafunzi ye yote mwenye bidii anaweza kuyataja maziwa makubwa ya Kongo bila kusita: Tanganyika, Kivu, Edouard, Albert, Moero, Upemba. Lakini mwulizeni habari za Tshangalele, na mara nyingi atanyamaza. Wala hana kosa. Maziwa yale mengine yalikuwapo kabla ya babu zetu na kabla ya babu za babu zetu. Ziwa hili tunalolielezea leo, kwa ukubwa wake wa sasa, halijatimiza hata miaka mia moja. Limezaliwa na ukuta, na ukuta umejengwa na watu.

Liko katika jimbo la Haut-Katanga, upande wa mashariki wa mji wa Likasi. Wengine huliita ziwa la Lufira, kwa kuwa maji yake ni maji ya mto Lufira, ambao baadaye huteremka kaskazini na kuingia katika Lualaba. Anayesafiri kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, kwa gari la moshi au kwa barabara, huvuka mto huo huko Kapolowe, na hapo yuko karibu na ziwa. Mwishoni mwa masika maji yakijaa, hufunika nchi yapata kilometa 400 za mraba. Hata hivyo kina chake ni kidogo: mahali pengi ni meta mbili au tatu tu. Ziwa hili ni kama sahani pana iliyowekwa juu ya meza, wala halifanani na chungu kirefu. Tukumbuke neno hilo la sahani, maana ndani yake mna siri ya ndege, ya samaki, na ya hatari tutakayoieleza mbele.

Watu watatu wa safari moja

Zamani, pale penye ukuta wa leo, Lufira uliruka kutoka juu ya miamba na kuanguka shimoni zaidi ya meta 100. Wenyeji waliyajua maporomoko hayo kwa jina la Mwadingusha. Wazungu walipofika waliyaita maporomoko ya Cornet.

Cornet huyo alikuwa nani? Jules Cornet alikuwa Mbelgiji, mjuzi wa mawe na udongo. Alifika Katanga katika safari ya miaka 1891 hadi 1893 iliyoongozwa na kapiteni Lucien Bia. Walifika Bunkeya mwanzoni mwa mwaka 1892, muda mfupi baada ya mfalme M'siri kuuawa. Bia mwenyewe alifariki mwaka uo huo wa 1892, na msaidizi wake Emile Francqui akashika uongozi. Cornet alichunguza vilima na mabonde, akaandika habari za shaba aliyoiona katika nchi hiyo.

Lakini tuseme kweli: shaba haikuanza siku Cornet alipoiona. Mafundi wa Katanga walikuwa wameichimba na kuiyeyusha tangu karne nyingi, wakaimimina katika umbo la misalaba midogo iliyotumika kama fedha katika biashara. Cornet aliandika habari za kitu ambacho wenyeji walikuwa wakikifanya kwa mikono yao. Jambo jipya lililokuja baadaye lilikuwa viwanda vikubwa, na viwanda vikubwa huhitaji nguvu kubwa.

Chama cha madini kilichoitwa Union Minière du Haut-Katanga kiliundwa mwaka 1906. Mara ya kwanza shaba iliyeyushwa kwa moto wa makaa. Baadaye mafundi wakataka njia nyingine: mawe ya shaba huyeyushwa katika maji makali ya asidi, kisha umeme hupitishwa ndani ya maji hayo, na shaba safi hujikusanya juu ya mabamba kidogo kidogo, kama ukoko unavyoshika sufuria. Kiwanda cha namna hiyo kilianza kazi Shituru, huko Likasi, mwaka 1929. Kazi hiyo hula umeme mwingi mno. Nao umeme utoke wapi? Macho ya mafundi yakageukia maporomoko ya Lufira.

Hivyo ukuta ukajengwa juu ya maporomoko, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930. Kiliitwa Francqui. Mwaka 1950 kituo cha pili kilifunguliwa chini kidogo, huko Koni, nacho kikaitwa Bia. Kwa njia hiyo watu watatu wa safari moja walikutana tena katika majina: maporomoko ya Cornet, kituo cha Francqui na kituo cha Bia. Leo majina ya wenyeji yamerudi mahali pake, na watu husema Mwadingusha na Koni.

Kazi ya ukuta

Ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, huenda mnajiuliza: ikiwa maporomoko yalikuwa na nguvu yenyewe, kwa nini kuyajengea ukuta?

Jibu liko katika majira ya mwaka. Katika Katanga mvua hunyesha tangu mwezi wa Novemba hivi mpaka Aprili. Wakati huo Lufira hujaa, hunguruma, hufurika juu ya majani. Kisha huja kiangazi kirefu, na mto hupungua kila wiki. Kiwanda lakini hakijui masika wala kiangazi. Kinataka umeme ule ule mchana na usiku, Januari na Septemba. Basi ukuta ni kama ghala ya mkulima mwenye akili. Wakati wa mavuno anaweka akiba, wakati wa njaa anatoa kwa kipimo. Maji ya masika yanazuiliwa, na katika kiangazi yanafunguliwa polepole, huingia katika mabomba makubwa, huteremka kwa kishindo, huzungusha turbini, na turbini huzungusha mashini zinazotoa umeme.

Mwadingusha ina mashini sita. Baada ya kuzeeka na kuharibika zilifanywa upya, na mwaka 2021 zote sita zilikuwa zimerudishwa kazini, zikiwa na nguvu yapata megawati 78. Maji yakishatoka hapo hayaendi bure: yanashuka Koni, yanafanya kazi mara ya pili. Ni kama mtumishi mmoja anayelima shamba asubuhi na kuchota maji jioni. Baadaye kuta nyingine kubwa zaidi zilijengwa juu ya Lualaba, kule N'zilo mwaka 1952 na N'seke mwaka 1956. Hata hivyo Mwadingusha ndiyo kaka yao mkubwa.

Hayo yote yalifanywa kwa ajili ya shaba. Hakuna fundi aliyechora ukuta akisema: Nataka kuwajengea ndege makao. Lakini maji yalipopanda na kutambaa juu ya uwanda wa majani, walikuja wageni ambao hawakualikwa.

Mezani pa ndege

Kwa nini ndege hulipenda ziwa la Tshangalele? Hapa ndipo tunarudi kwenye ile sahani.

Katika ziwa refu la kwenda chini, mwanga wa jua haufiki kwenye tope, majani hayaoti chini, na ndege mwenye miguu mirefu hana pa kusimama. Katika sahani pana mambo ni mengine. Mwanga hufika mpaka chini. Mafunjo na matete huota kando. Wadudu, konokono na vyura huzaliana. Na samaki wadogo hupata maficho. Tena, kwa sababu kina ni kidogo, maji yakipungua meta moja tu katika kiangazi, uwanda mkubwa wa tope hubaki wazi. Kwa macho yetu ni matope machafu. Kwa ndege ni meza iliyoandaliwa.

Na mezani hapo kila mmoja ana kiti chake. Penye tope laini hutembea ndege wadogo wenye midomo mirefu, wakichoma ardhi kama fundi anayeshona nguo. Penye maji ya magoti husimama korongo na yangeyange, wakingoja bila kutikisika. Penye majani yanayoelea hupita ndege wa vidole virefu, ambaye hutembea juu ya jani la yungiyungi bila kuzama. Penye maji ya wazi mnandi hupiga mbizi, mdiria huanguka kama jiwe, na furukombe, mwenye kichwa cheupe na sauti kali, huteremka toka juu na kumnyakua samaki kwa kucha zake. Bata wa maji huogelea kwa makundi. Kila mmoja amepewa mdomo na miguu ya kazi yake mwenyewe.

Wengine hutoka mbali sana. Wakati baridi inaposhika Ulaya, mbayuwayu na ndege wengi wa matopeni huondoka huko, huvuka bahari na jangwa, na kuja kukaa kwetu wakati wa masika. Hawana pasi ya kusafiria wala hawalipi ushuru. Ikiwa ziwa moja limeharibika, wao hawajui barua wala redio ya kuwaarifu. Wanafika wamechoka na kukuta meza tupu. Kwa hiyo anayetunza ziwa la Katanga anatunza pia ndege wa watoto wa nchi za mbali.

Ndege aliyekuwa hana jina

Sasa tuwasimulie habari ambayo wenyeji wa bonde la Lufira wanaweza kujivunia.

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, mtaalamu kijana, Jean-Claude Ruwet, alifanya kazi katika nyanda za Lufira ya juu. Alichunguza ndege na samaki wa ziwa hilo, akaandika mambo mengi kwa uangalifu. Mwaka 1960 alipata pale ndege wafumaji fulani, wale ambao Waswahili wengine huwaita kwera. Ndege wafumaji twawajua sote: dume hukata ukanda wa jani, huuzungusha, huufunga fundo, hufuma kikapu kinachoning'inia, mlango wake ukiwa chini. Jike huja kukagua nyumba. Isipompendeza, huenda zake, na bwana hana budi kuanza tena.

Ndege wale wa Ruwet walihifadhiwa, na miaka ikapita. Mwaka 1982 wataalamu wawili, Michel Louette wa Ubelgiji na C. W. Benson wa Uingereza, waliandika kwamba ndege huyo hafanani na ye yote aliyekwisha kuandikwa. Walimpa jina la kitaalamu Ploceus ruweti, kwa heshima ya aliyemwokota. Dume lake lina rangi ya manjano, na uso wake ni mweusi kama aliyevaa kinyago. Hivyo ulimwengu wa wataalamu ukaambiwa kwamba katika ziwa letu yuko ndege ambaye hajaonekana kwingine.

Kisha kimya kingi. Vita, misukosuko na umaskini vilizuia watafiti, na kwa miaka mingi hakuna aliyeandika kwamba amemwona tena. Wengine wangeweza kufikiri amekwisha kabisa. Lakini mwaka 2009 Louette, pamoja na Michel Hasson anayekaa Katanga, alirudi ziwani, nao wakamkuta yule yule, mzima, akifuma viota juu ya maji kama baba zake walivyofuma. Mwaka 2011 ikaandikwa kwamba anaonekana pia sehemu nyingine za mto Lufira. Habari hiyo ni njema, maana mwenye nyumba mbili hafi njaa upesi kama mwenye moja. Tena inatuonyesha kwamba ndege huyo hakuumbwa na ukuta: jamaa yake ilikuwa ya bonde, na ziwa liliwapanulia makao.

Wataalamu bado wanajadiliana juu ya ukoo wake, maana anafanana sana na ndege mfumaji mwingine akaaye kusini-magharibi mwa Tanzania. Je, ni ndugu wa tumbo moja au ni binamu? Majadiliano hayo tuwaachie wao. Sisi tujue neno moja: hakuna mvuvi wa Tshangalele aliyehitaji kungoja mwaka 1982 ili kujua kwamba ndege huyo yupo. Alimwona kila siku. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika. Basi, ninyi vijana, andikeni! Mwanafunzi mwenye daftari na macho mema, akiandika kila wiki ndege gani wamefika na viota vimeanza lini, anafanya kazi ambayo mtaalamu kutoka mbali hawezi kuifanya katika siku zake chache.

Mama aleaye kinywani

Ruwet alitazama samaki pia, na habari zao ni za ajabu vilevile. Katika ziwa hili wako kambale, tena wako tilapia wa namna mbalimbali. Tilapia mmoja, aitwaye na wataalamu Oreochromis macrochir, ana desturi ya pekee. Dume huchimba uwanja wake katika mchanga wa maji mafupi, husafisha, hulinda mipaka yake. Jike huja, hutaga mayai, kisha huyaokota kinywani mwake. Humo kinywani mayai hutotolewa, na watoto hukaa humo mpaka wapate nguvu. Hata baada ya kutoka, wakiona hatari hukimbilia tena kinywani mwa mama. Tilapia wa namna nyingine hutaga katika mashimo madogo kando ya ziwa, na wazazi wote wawili hulinda mayai.

Mvuvi mwenye hekima akisikia hayo ataelewa mara moja. Anayeburuta wavu wenye matundu madogo katika maji mafupi wakati wa kuzaa, havui samaki mmoja. Anavua mama pamoja na mamia ya watoto, na anasawazisha viwanja vya madume ambavyo vilichukua siku nyingi kuchimbwa. Anayevua kwa chandarua cha mbu anakula mbegu kabla ya kupanda. Wazee husema: haba na haba hujaza kibaba. Tuongeze: haba na haba hukimaliza vilevile.

Shaba iliyozaa na shaba inayodhuru

Hapa yatupasa kusema neno zito, wala tusilifunike kwa majani.

Ziwa hili lilizaliwa kwa ajili ya shaba, na ni shaba hiyo hiyo inayolitia ugonjwa. Maji yaliyotumika katika viwanda vya madini vya Likasi kwa miaka mingi yalipelekwa katika vijito, hasa Buluo na Panda, na vijito hivyo huelekea Lufira na ziwa. Maji hayo hubeba shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu na vitu vingine vya namna hiyo. Watafiti, wa Lubumbashi na wa nje, wamepima tope, mimea na samaki wa ziwa, wakaandika katika miaka ya 2010 na baadaye kwamba vitu hivyo vimo, na kwamba katika baadhi ya samaki vimezidi kipimo kifaacho kwa chakula cha watu.

Kumbukeni sahani. Katika ziwa refu lenye mkondo, uchafu hutawanyika au huzama mbali. Katika sahani pana yenye maji ya polepole, uchafu hulala juu ya tope, karibu na mizizi, karibu na konokono, karibu na samaki. Konokono hula tope; samaki hula konokono; furukombe hula samaki; na mtoto wa mvuvi hula samaki vilevile. Kila hatua sumu hiyo yaweza kupanda ngazi. Macho hayaioni, ulimi hauionji, moto haiiondoi, wala chumvi na jua la kukaushia samaki haviwezi kuifukuza.

Je, twaambiwa tusile samaki? Hapana. Kwa jamaa nyingi za kando ya ziwa samaki ndiye nyama ya kila siku, ndiye ada ya shule, ndiye dawa hospitalini. Lakini hekima ifuate maarifa. Mvuvi asitege wavu mahali vijito vya viwandani vinapoingia ziwani. Mama akiandaa samaki, aondoe kabisa matumbo, maini na mashavu ya kupumulia, maana mara nyingi madini hujikusanya humo kuliko katika nyama. Watoto wadogo na mama wajawazito wasile samaki wa mahali pamoja siku zote. Wabadilishe kwa maharagwe, karanga na mayai, wanapoweza. Hayo ni mambo ya nyumbani.

Lakini nyumba peke yake haiwezi kubeba mzigo wa kiwanda. Mama anaweza kusafisha samaki. Hawezi kusafisha mto. Kazi hiyo ni ya wenye viwanda, ambao yawapasa kuyasafisha maji kabla ya kuyaachilia, na ni ya serikali, ambayo ina sheria ya kuwalazimisha. Wenyeji wanayo haki ya kuuliza vipimo vya maji na kujibiwa katika lugha wanayoielewa. Kuuliza si uasi. Mwenye nyumba akisikia harufu ya moshi, huuliza ni nini kinachoungua.

Liko jambo jingine lisilopiga kelele. Miti ya milima na mabonde ya jirani inakatwa kwa ajili ya makala ya kupikia mijini. Miti ikiisha, mvua huchukua udongo na kuutia mtoni, na mto huupeleka ziwani. Ziwa refu laweza kuvumilia udongo mwingi. Sahani hujaa upesi. Siku sahani itakapojaa tope, mvuvi atakosa samaki, ndege atakosa maji, na mashini za Mwadingusha zitakosa chakula chao. Hapo anayewasha taa mjini na anayechoma makala porini watatambua kwamba walikuwa wanakula chungu kimoja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Ziwa huwavuta pia wageni wasio na mabawa. Watu wa Likasi na Lubumbashi hupenda kutoka mjini kuona maji mengi na kupumzika. Wengine huja na darubini kutoka mbali kumtafuta yule mfumaji wa uso mweusi. Wengine ni wasafiri tu wa barabara kuu, wanaosimama Kapolowe kununua samaki.

Ulimwengu umelitambua bonde hili. Mwaka 1982, mwaka ule ule ndege wetu alipopewa jina, UNESCO ililiandika bonde la Lufira katika orodha ya hifadhi za viumbe. Mwaka 2017 bonde liliandikwa pia katika orodha ya nchi za maji zenye thamani kwa ulimwengu wote, kwa mapatano yaliyofanywa Ramsar katika Uajemi mwaka 1971. Heshima hizo ni kubwa. Lakini karatasi hailindi kiota. Kiota hulindwa na mtu anayekaa jirani yake na kuona faida ya kukilinda.

Faida hiyo yaweza kupatikana. Mwenye mtumbwi anaweza kumpeleka mgeni kwa malipo ya haki. Kijana anayejua viota viko wapi, na ndege gani huja mwezi gani, anayo elimu ambayo mgeni ataifuata kwa furaha. Mama anaweza kupika na kuuza. Ndege mmoja aliyeuawa kwa manati hutoa kitoweo kisichojaza kiganja. Ndege yule yule akiwa hai, juu ya tete lake, aweza kuwaleta wageni mwaka huu na mwaka ujao.

Nasi tulio wageni tuwe na adabu. Tusipige kelele karibu na viota. Tusisogeze mtumbwi mpaka ndege waruke na kuacha mayai juani. Chupa na mifuko ya plastiki turudi nayo mjini. Ajaye kwa mwenyewe hafagii uchafu wake chini ya mkeka wa mwenye nyumba. Tena tuwasalimu wenyeji kwanza, kabla ya kuelekeza darubini kwa ndege. Waya za umeme hupita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku bado huwasha kandili. Watu hao wamelipa kwa ajili ya taa zetu. Inafaa tujue majina yao.

Nani mwenye ziwa?

Swali hili huulizwa mara nyingi. Fundi wa umeme husema: Ni letu, maana bila ukuta hakuna ziwa. Mvuvi husema: Ni letu, maana sisi ndio tunaoamka nalo na kulala nalo. Mtaalamu husema: Ni la ulimwengu, maana lina ndege wa peke yake. Mwenye kiwanda hasemi neno, lakini maji yake machafu yanasema badala yake.

Sisi twaona kila mmoja ana sehemu ya kweli, na hakuna mwenye kweli yote. Anayefungua milango ya ukuta ashauriane na wavuvi, ili maji yasishuke wala kupanda kwa ghafula wakati samaki na ndege wanapozaa. Mvuvi naye aheshimu majira ya kuzaa. Kiwanda kisafishe maji yake. Mtaalamu arudi kijijini kueleza alichokiona, asipeleke elimu yote ng'ambo kama zamani shaba ilivyopelekwa. Walimu wa Likasi, Kapolowe na Lubumbashi wawapeleke wanafunzi wao ziwani walau siku moja, wawaonyeshe ukuta na kiota, mashini na mdomo wa tilapia, na wawaulize ni kipi katika hivyo kinachoweza kufanywa upya kikivunjika.

Mashini sita za Mwadingusha ziliharibika, na zikafanywa upya. Ukuta ukipasuka, simenti ipo. Lakini yule mfumaji wa Lufira, aliyetoweka machoni pa wataalamu karibu miaka hamsini kisha akaonekana tena, hana kiwanda cha kumtengeneza. Akiisha, ameisha. Na mtoto aliyelishwa sumu tangu utotoni hawezi kurudishwa tumboni ili alelewe upya.

Basi siku nyingine mwalimu akiuliza maziwa ya Kongo, wanafunzi wetu waongeze jina la Tshangalele. Na akiwauliza ni la nani, wajibu bila kusita: Ni letu sote, nasi sote tutaulizwa habari zake.